Kabla Hamjanunua Betri Nyingine: Kupima Mfumo wa Kuchaji wa Gari la Mradi

Kuna ombi ambalo kila kamati yenye gari imewahi kulipokea. Huja kwa mistari miwili tu: "Betri ya gari imekufa. Tunaomba fedha za betri mpya." Kwa kawaida hulipitisha kwa dakika tano, kwa kuwa hakuna mjumbe anayetaka kusikia kwamba mama mjamzito alicheleweshwa usiku kwa sababu gari la zahanati lilikuwa likisubiri vijana wa kulisukuma. Betri hununuliwa, gari huwaka, na kila mtu hushukuru. Baada ya miezi mitano au sita ombi lilelile hurudi, pengine kwa mwandiko uleule.

Betri iliyofungwa vizuri na kuchajiwa inavyotakiwa haipaswi kufa kwa miezi sita, hata kwenye barabara zetu. Ikifa mapema hivyo, mara nyingi kuna kitu kingine kilichoiua, na kitu hicho bado kimo ndani ya gari kikiisubiri betri mpya. Somo hili linaeleza namna ya kukitafuta. Halikusudii kuwafanya wajumbe kuwa mafundi, ila kuwawezesha kuuliza maswali ambayo fundi na dereva wanapaswa kuwa na majibu yake kabla fedha haijatoka. Mifano mingi inatokana na Land Cruiser ngumu, lile ambalo wengi wetu huliita mkonga, lenye injini ya dizeli ya 1HZ ya silinda 6 na lita 4.2 ambayo Toyota ilianza kuitumia mwaka 1990. Ndilo gari lililobeba sehemu kubwa ya kazi za afya, maji na kilimo vijijini. Hata hivyo kanuni ni zilezile kwa Land Rover, Hilux na magari mengine ya aina hiyo.

Nani anafanya nini

Betri ni ghala. Haizalishi kitu, hutunza tu kilicholetwa. Betri ya volti 12 ina vyumba 6, na kila chumba kikijaa hutoa takriban volti 2.1. Kazi yake kubwa ni kuzungusha stata kwa sekunde chache. Injini ikishawaka, alteneta ndiyo inayolisha taa, redio na vinginevyo, na wakati huohuo hurudisha kwenye betri kile kilichotumika.

Ndani ya alteneta kuna sumaku ya umeme inayozungushwa na mkanda wa injini. Umeme mdogo huifikia sumaku hiyo kupitia vipande viwili vya kaboni vinavyosugua pete za shaba. Umeme unaozalishwa huwa ni wa kwenda na kurudi, nao hupita kwenye diodi ili utoke ukiwa wa upande mmoja, kwa sababu betri haiwezi kutunza umeme wa aina nyingine. Halafu kuna regyuleta, ambayo huangalia volti na kuongeza au kupunguza nguvu ya ile sumaku. Mkanda, kaboni, diodi na regyuleta: karibu kila ugonjwa wa alteneta utakuwa kwenye kimojawapo cha hivi vinne, au kwenye beringi zake. Ugonjwa ambao si wa alteneta wala wa betri utakuwa kwenye nyaya, na huo ndio unaosahauliwa kuliko yote.

Jambo moja linahusu dizeli za zamani hasa. Gari la petroli alteneta ikifa, plagi hukosa moto baada ya muda na injini huanza kukohoa, hivyo dereva anajua. Dizeli kama 1HZ huunguza mafuta kwa mgandamizo na huhitaji umeme kidogo sana ili iendelee kukimbia. Dereva anaweza kutoka asubuhi, alteneta ikafa saa nne, akaendesha mchana kutwa bila dalili yoyote ila kataa kadogo kwenye dashibodi, tena akiwa na bahati ya kuwa na taa inayofanya kazi. Jioni anazima gari kwenye mtaa wa mbali, na hapo ndipo anapogundua. Kwa mtu asiyefuatilia, betri ndiyo iliyokufa. Kumbe betri imefanya kazi ya alteneta siku nzima hadi ikaisha.

Taa ya betri kwenye dashibodi

Kabla ya chombo chochote, muulizeni dereva juu ya taa hii. Ufunguo ukifunguliwa na injini ikiwa bado imezimwa, taa lazima iwake. Injini ikiwaka, lazima izimike. Ikibaki inawaka, alteneta haichaji. Ikiwaka kwa ufifi, hasa usiku, kuna uwezekano mkubwa wa diodi mbovu au muunganiko mbaya wa waya.

Wengi hawajali pale taa inapokataa kuwaka kabisa hata ufunguo ukifunguliwa. Huona ni balbu tu iliyoungua. Lakini kwenye Land Rover za zamani na magari mengine kadhaa, umeme unaopita kwenye balbu hiyo ndio unaoiamsha alteneta. Balbu ikiungua, alteneta nzima inaweza isianze kuchaji mpaka injini ikanyagwe sana, au isichaji kabisa. Kwenye Toyota nyingi alteneta huamshwa kupitia waya wa ufunguo wenye fyuzi yake, na fyuzi hiyo ikikatika matokeo ni yaleyale. Tumewahi kuona hati ya bei ya alteneta nzima kwa gari lililokuwa limekatika fyuzi.

Tena taa kuzimika haina maana kwamba kila kitu ni kizima. Alteneta inayotoa volti 13 inaweza kuizima taa, lakini haitaijaza betri.

Vipimo vitatu vya kwanza

Mita ndogo ya kidijitali inayosoma volti hupatikana kwenye maduka ya vifaa vya umeme kwa sehemu ndogo sana ya bei ya betri. Kila gari la mradi linastahili kuwa nayo ndani ya kisanduku cha vifaa, pamoja na kipande cha msasa na spana ya vichwa vya betri. Mshale wa mita uwekwe kwenye volti za DC, kiwango cha 20.

Kipimo cha kwanza hufanywa asubuhi, gari likiwa limelala usiku kucha. Waya mwekundu uguse kichwa cha chanya cha betri, mweusi kichwa cha hasi. Betri iliyojaa husoma volti 12.6 au zaidi kidogo. Ikisoma 12.4 imebaki takriban robo tatu, 12.2 ni nusu, 12.0 ni robo, na chini ya 11.9 hesabuni kuwa imeisha. Kama gari limetoka kuendeshwa, kipimo hiki hudanganya, maana betri hubaki na chaji ya juujuu. Washeni taa kubwa kwa dakika moja au mbili, zimeni, subirini kidogo, ndipo mpime.

Kipimo cha pili hufanywa mtu mwingine akipiga stata huku wewe ukiangalia mita. Volti zitashuka. Betri nzima yenye chaji ya kutosha hubaki juu ya 9.6 kwa sekunde zote za kupiga stata. Ikianza na 12.6 na kuporomoka hadi 7 au 8, betri ina chumba kilichokufa au imechakaa. Ikianza na 11.8 na kuporomoka, bado hamjajua lolote juu ya betri, kwa kuwa haikuwa na kitu ndani. Ichajiwe kwanza, ndipo ihukumiwe. Hapa ndipo betri nyingi nzima zinapouzwa kama chakavu.

Kipimo cha tatu ni injini ikiwa imewaka. Kanyageni mafuta kiasi, kama mizunguko 1,500 hadi 2,000 kwa dakika. Vichwa vya betri vinatakiwa kusoma kati ya volti 13.8 na 14.5. Kisha washeni taa kubwa, feni ya ndani na kila kitu, mpime tena. Isishuke chini ya takriban 13.5. Kipimo kikibaki kuwa 12 na kitu, hakuna kinachoingia kwenye betri. Kikipita 15, regyuleta imeshindwa kazi na betri inachemshwa: maji yake yatakwisha haraka, kutakuwa na harufu kama ya yai bovu, na balbu za taa zitaungua mara kwa mara. Dereva anayelalamika kwamba anaongeza maji ya betri kila wiki na kubadilisha balbu kila mwezi anaeleza ugonjwa mmoja, si miwili.

Tahadhari kwa sharika zilizopata magari mapya: baadhi ya magari ya kisasa yana kompyuta inayoshusha na kupandisha chaji kwa makusudi ili kuokoa mafuta, hivyo namba hizi zinaweza kuyumba bila gari kuwa bovu. Kwa mkonga wa 1HZ, namba hizi zinatosha.

Na kama hakuna mita? Egesheni gari usiku mbele ya ukuta, washeni taa kubwa injini ikiwa imezimwa, kisha washeni injini na kukanyaga mafuta. Taa ziking'aa zaidi, alteneta inaleta kitu. Zikibaki na ufifi uleule, haileti. Vilevile, pigeni stata huku taa zimewaka. Zikizimika kabisa, tatizo liko kwenye betri au vichwa vyake. Zikibaki na nguvu ilhali stata inatoa mlio wa "ta" tu, angalieni stata yenyewe na waya wake.

Mkanda

Hili halihitaji maneno mengi. Mkanda uliolegea huteleza, hasa injini ikitoka kuwaka au gari likitoka majini, na hupiga kelele kali ya sekunde chache. Ukibonyezwa kwa kidole gumba kwa nguvu katikati ya puli mbili, uingie kama sentimita moja. Injini ya 1HZ ina mikanda miwili sambamba, nayo hubadilishwa yote kwa pamoja, kwani mpya ukiwekwa na wa zamani, mpya ndio utakaobeba mzigo wote. Kuupaka mkanda sabuni au kumwagia soda ni kununua siku mbili tu. Kumbukeni pia kwamba mikanda hiyohiyo huzungusha pampu ya maji, kwa hiyo ikikatika injini itachemka kabla dereva hajafika mbali.

Nyaya, na hasa ethi

Umeme ukitoka alteneta kwenda betri lazima urudi. Njia ya kwenda ni waya mnene wa chanya. Njia ya kurudi ni bodi ya injini, chasisi, na nyaya za hasi ambazo mafundi huziita ethi. Kwenye magari yetu, yanayotikiswa kutwa, kupita mitoni na kulala nje, njia hii ya kurudi ndiyo inayoharibika zaidi. Boliti hulegea, kutu huingia chini yake, na unga mweupe au wa kijani huota kwenye vichwa vya betri.

Nichukue mfano wa gari moja la zahanati lililofungwa betri tatu ndani ya miaka miwili. Dereva alikuwa mwangalifu na alteneta ilikuwa imeshabadilishwa. Stata ilizunguka kwa uvivu hata betri ikiwa mpya, na jambo la ajabu ni kwamba waya wa kukanyagia mafuta ulikuwa ukipata moto na kuwa mgumu. Hilo la mwisho ndilo lililotoa siri. Katika gereji moja injini ilikuwa imeshushwa kwa ajili ya klachi, na wakati wa kuirudisha, waya mnene wa ethi kati ya injini na chasisi haukufungwa. Umeme wote wa stata ukatafuta njia nyingine ya kurudi, ukaipata kwenye waya wa mafuta na vyuma vingine vyembamba. Alteneta nayo ilikuwa ikijaribu kuchaji kupitia njia hiyohiyo. Betri tatu na alteneta moja zilinunuliwa kwa sababu ya waya mmoja wenye urefu wa mkono.

Kipimo cha kugundua hili ni rahisi, ila ni wachache wanaokifanya. Mita ikiwa kwenye volti zilezile, waya mweusi uguse kichwa cha hasi cha betri chenyewe, si kishikizo chake. Waya mwekundu uguse chuma kisafi kwenye bodi ya alteneta. Injini iwe imewaka na taa zote zimewashwa. Njia ikiwa nzuri, mita itasoma karibu na sifuri, isizidi volti 0.2. Kisha fanyeni upande wa chanya: mwekundu kwenye boliti kubwa ya nyuma ya alteneta, mweusi kwenye kichwa cha chanya cha betri. Hapo pia isizidi 0.2 au 0.3. Chochote kinachozidi ni volti zinazopotea njiani, na zinapotea kwa kugeuka moto. Sogezeni ncha ya mita kutoka boliti moja hadi nyingine. Pale namba inaporuka ndipo penye ugonjwa.

Tiba yake ni msasa, boliti iliyokazwa, na grisi kidogo juu baada ya kukaza. Unga wa kwenye vichwa vya betri husafishwa kwa maji ya moto yenye magadi, kwa uangalifu yasiingie ndani ya betri.

Gari linalokufa likiwa limeegeshwa

Magari mengine huchaji vizuri, vipimo vyote vitatu vinapita, lakini yakikaa siku nne bila kutumika hayawaki. Hapa kuna kitu kinachonyonya usiku. Inaweza kuwa redio ya mawasiliano, chaja ya simu, kifaa cha kufuatilia gari, taa ya ndani ambayo swichi ya mlango imekwama, au rilei iliyoshikana.

Zimeni kila kitu, fungeni milango, ondoeni ufunguo, fungueni kishikizo cha hasi cha betri, na muweke mita kwenye ampea, tundu la 10, katikati ya kichwa cha betri na waya uliofunguliwa. Magari mengi yakilala hayatakiwi kuzidi ampea 0.05. Msipige stata mita ikiwa hapo, itaungua. Mkipata, tuseme, ampea 0.4, pigeni hesabu: mara saa 24 ni takriban ampea-saa 9.6 kwa siku. Betri ya N70, yenye ampea-saa 70 hivi, itapoteza zaidi ya nusu ndani ya siku nne. Sasa ng'oeni fyuzi moja baada ya nyingine mpaka namba ishuke. Fyuzi iliyoishusha inaonyesha njia ya mwizi.

Ikiwa mmeng'oa zote na namba haijashuka, gusa alteneta kwa mkono asubuhi kabla gari halijawashwa. Ikiwa na joto wakati kila chuma kingine ni baridi, diodi zinavuja na betri inarudisha umeme ndani ya alteneta usiku kucha. Hata injini ikiwaka diodi mbovu hujulikana: weka mita kwenye volti za AC na upime vichwa vya betri. Ikisoma zaidi ya 0.5, mwombeni fundi aifungue alteneta.

Betri mbili

Mikonga mingi ina betri mbili, na hapa kuna mkanganyiko mkubwa. Baadhi zimeunganishwa sambamba na gari lote ni la volti 12. Nyingine zimefuatanishwa na gari ni la volti 24. Kwa hizo zidisheni namba zote za juu kwa mbili, yaani chaji iwe kati ya 27.6 na 29. Kamati ijue gari lake ni la aina gani kabla ya kuidhinisha hata balbu.

Kosa ninaloliona sana kwenye magari ya volti 24 ni kuchukua volti 12 za redio au chaja kutoka kwenye betri moja tu kati ya mbili. Betri hiyo hunyonywa peke yake, lakini alteneta huzichaji zote mbili kwa pamoja kama kitu kimoja. Hivyo iliyonyonywa haijai kamwe, na mwenzake huchajiwa kupita kiasi hadi kukauka maji. Baada ya mwaka betri zote mbili zimekufa, kila moja kwa ugonjwa wake. Dawa ni kifaa cha kushusha volti kutoka 24 hadi 12, ambacho bei yake haifikii ya betri. Betri mbili zibadilishwe pamoja, za aina na umri mmoja.

Jaribio ambalo mlikataze

Mafundi wengi wa zamani huwasha gari kisha huchomoa kishikizo cha betri. Gari likiendelea kunguruma, husema alteneta ni nzima. Jaribio hili lilitokana na magari ya enzi za dinamo na halifai kwa alteneta. Betri ikichomolewa ghafla wakati alteneta inachaji, volti huruka kwa kitambo kidogo hadi makumi, na zinaweza kuua diodi, regyuleta, redio, na kwenye gari jipya kompyuta yenyewe. Gari linaweza kufika gereji likiwa na waya uliolegea na kutoka likiwa na alteneta mbovu. Kama anayelipima gari lenu anaanza hivi, mzuieni kwa heshima na mumpe mita.

Kwa uzito uleule: kuunganisha betri kinyume, hata kwa sekunde moja, huunguza diodi, na kuchomelea chuma kwenye gari kufanywe baada ya kufungua betri. Betri inayochajiwa hutoa hewa ya haidrojeni inayolipuka, hivyo sigara na cheche zikae mbali. Maji yake ni asidi. Yakiingia jichoni, oshwe kwa maji mengi safi kwa muda mrefu na mtu apelekwe zahanati.

Alteneta ikithibitika kuwa mbovu

Si lazima inunuliwe mpya. Kaboni zilizokwisha, regyuleta, beringi na diodi vyote hubadilishwa, na fundi mzuri wa mjini hufanya kazi hii kwa siku moja. Masharti ya kamati yawe mawili: vipuri vya zamani virudishwe pamoja na risiti, na alteneta ipimwe ikiwa na mzigo wa taa kabla ya kulipwa fedha ya mwisho.

Kwenye baadhi ya dizeli kuna la ziada. Pampu ya vakyumu inayosaidia breki imefungwa mgongoni mwa alteneta yenyewe na hulainishwa na oili ya injini. Sili yake ikichakaa, oili huingia ndani ya alteneta, hulowesha kaboni na pete, na chaji hupotea. Mkibadilisha kaboni bila kubadilisha sili, mtarudi baada ya miezi michache. Na kwa kuwa ni breki, dereva akilalamika kwamba pedali imekuwa ngumu baada ya alteneta kutengenezwa, gari lisisafiri hadi pampu na mipira yake vikaguliwe. Yeyote atakayewauzia alteneta ya gari la namna hiyo bila kuuliza habari ya pampu hiyo hajui anachouza.

Kuitunza iliyo nzima

Betri iliyolala bila chaji kwa wiki kadhaa huota ugumu kwenye sahani zake na hairudi kamili. Basi iliyoisha isiachiwe alteneta kazi ya kuijaza. Ichajiwe taratibu kwa chaja, kwa kiwango cha sehemu moja ya kumi ya ukubwa wake. Kwa N70 ni ampea 7, kwa saa 10 hadi 12. Maji yanayoongezwa yawe yale safi yaliyokamuliwa madini yote, si asidi na si ya bomba, na yaongezwe betri ikishajaa. Ifungwe kwa chuma chake. Kamba ya mpira haitoshi, kwani mtikisiko huangusha unga wa sahani chini hadi chumba kikashikana. Betri iliyokufa irudishwe dukani au kwa wanunuzi wa betri chakavu. Risasi iliyomo ni sumu, na asidi isimwagwe karibu na kisima wala pale watoto wanapocheza.

Zoezi kwa kikao cha kamati

Usharika umeletewa ombi la alteneta mpya. Mwenyekiti ameomba vipimo, na dereva ameleta hivi: asubuhi betri ilisoma volti 12.1. Wakati wa stata 10.2. Injini ikiwa imewaka na taa zote, vichwa vya betri 13.1. Boliti ya nyuma ya alteneta hadi bodi yake mwenyewe 14.4. Bodi ya alteneta hadi kichwa cha hasi cha betri 0.1. Mjadili kwa dakika kumi kabla ya kuendelea kusoma.

Alteneta inatoa 14.4, kwa hiyo ni nzima. Betri iko na chini ya nusu ya chaji, lakini imebaki 10.2 wakati wa stata, kwa hiyo nayo inaelekea kuwa nzima ila ina njaa. Kati ya 14.4 na 13.1 zimepotea volti 1.3, na upande wa ethi umepoteza 0.1 tu. Volti 1.2 zilizobaki zinapotea kwenye waya mnene wa chanya, ama kwenye boliti zake ama kwenye fyuzi kubwa iliyo njiani. Kamati iidhinishe fedha ya waya na saa moja ya fundi, betri ichajiwe usiku mmoja kwa chaja, na dereva alete vipimo vilevile vitano siku inayofuata, vikiwa vimeandikwa kwenye kitabu cha gari kwa tarehe na kilomita.